Kifuniko cha oili kikiruka, msikimbilie kushusha injini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Wiki kadhaa zilizopita mlichapa barua ya msomaji wa Njombe mwenye Hilux ya dizeli yenye injini aina ya 3L, analalamika gari inatoa moshi wa bluu, inakula oili, na akifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inawaka kifuniko kinaruka, afu toleo lililofuata mkachapa jibu la mwenzetu mmoja anasema dizeli ikishafika hapo haina dawa, ashushe injini au atafute nyingine ya mtumba. Mi ni fundi wa dizeli hapa Uyole, Mbeya, na hilo jibu sikubaliani nalo. Sio kwamba ringi, zile pete za pistoni zinazoziba gesi isishuke, haziwezi kuwa zimekwisha, inawezekana kabisa, ninachokataa ni kumtoa mtu milioni kadhaa mfukoni kwa ushahidi wa kifuniko kuruka. Kuna vitu kama vinne au vitano vinavyorusha kifuniko cha oili na ringi ni kimojawapo tu, na ndo cha gharama kuliko vyote, sasa kwa nini tuanzie hapo?

Rangi ya moshi niipitie haraka maana hata hapo watu wanachanganya. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa: chujio la hewa limejaa vumbi, nozeli za dizeli zinamwaga badala ya kupuliza, mpira wa intakula, kile kipoza hewa inayoshindiliwa na tabo kwenda kwenye injini, umechanika. Huku kwetu tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa imepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar, kwa hiyo gari isiyo na tabo ikitoka pwani lazima iongeze weusi kidogo ukiibana mlimani, usije ukauziwa pampu kwa ajili ya hilo. Mweupe wa asubuhi mwezi wa sita na wa saba ni dizeli isiyoungua, hapo angalia hita plagi, zile za kupasha silinda moto wakati wa kuwasha, kwanza. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, na rejeta kila siku inadai maji, hiyo ni gasketi au silinda hedi. Bluu ndo oili, na bluu itazame asubuhi au jioni jua likiwa pembeni, saa sita mchana mweupe na bluu vinafanana na hapo ndo mtu anahukumiwa kosa la mwingine.

Sasa hii pumzi. Hakuna injini ambayo ringi zake zinaziba kila kitu, hata ikiwa mpya. Kila silinda ikiwaka kuna gesi kidogo inapenya pembeni ya pistoni inashuka kwenye tumbo la injini, kule kranki inakozunguka. Gesi hiyo lazima itoke, ndo maana kwenye kifuniko cha tapeti kuna ile paipu ya pumzi inayoirudisha kwenye njia ya hewa ikaungue tena. Kwa hiyo presha ya tumboni inapanda kwa njia mbili, ama gesi inayoingia ni nyingi mno ama pa kutokea pamebana. Ukipita stendi saa kumi na moja jioni ukakuta watu wamesongamana mlangoni pa daladala, huwezi kujua kwa kuangalia tu kama abiria wamezidi au mlango umegoma kufunguka wote, mpaka usogee. Na kifuniko cha oili ni hivyo hivyo. Paipu ya pumzi ikiziba, pumzi yote inatafuta tundu la oili, kifuniko kitaruka hata kama ringi zimefungwa mwezi uliopita. Na kutetemeka tu, kile kifuniko ukikigeuza ukakiweka juu ya tundu kinacheza cheza bila kudondoka, hiyo kwa dizeli ni kawaida, naomba watu waache kutishana.

Kabla ya yote chomoa kijiti cha oili gari ikiwa imesimama sehemu tambarare. Najua inaonekana jambo dogo ila fundi mwenye haraka hakichomoi. Oili ikizidi alama ya juu, kranki inaipiga, inageuka povu na mvuke, inapanda na paipu ya pumzi inaingia kwenye hewa, moshi wa bluu huo hapo. Na kama imezidi wakati hakuna aliyeongeza, inuse: ikinuka dizeli basi kuna mahali mafuta yanavujia ndani, oili imekuwa nyepesi, na hiyo ukiichelewesha ndo itakayokuletea kushusha injini kweli.

Halafu fungua paipu ya pumzi yenyewe, ichomoe pande zote mbili uipulize kwa mdomo. Ukikuta ndani imejaa uji mweusi uliokauka, au mpira umelainika kwa oili mpaka unajibana wenyewe injini ikivuta, ushapata pa kuanzia. Kwenye injini zenye kiwambo au kichungio cha mvuke wa oili napo angalia. Kuna gari nyingine paipu ni nzima ila lile bati la ndani ya kifuniko cha tapeti, linalotenganisha oili na mvuke, limeziba kwa masizi kwa sababu mwenye gari anapitiliza oili kilomita na kilomita, hilo linaoshwa na dizeli na brashi.

Kama unataka namba, na mi napenda namba kuliko maneno, kuna kipimo cha bei ya soda mbili tatu. Nenda duka la vifaa vya ujenzi nunua mita mbili tatu za mpira wa levo, ule wa kuonyesha ambao mafundi ujenzi wanapimia msingi. Ukunje umbo la U kwenye kipande cha mbao kirefu, tia maji yafike nusu ya U, ncha moja ivalishe vizuri kwenye tundu la kijiti cha oili na nyingine iache wazi. Washa injini. Maji yakisukumwa upande mmoja, tofauti ya urefu kati ya pande mbili ndo presha ya tumboni. Geji ya matairi hapa haina kazi kwa sababu psi 1 tu inasukuma maji karibu sentimita 70, na sili za mpira za kranki zinaanza kulia kwa presha ambayo geji ya tairi haioni kabisa. Injini yenye afya kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, maji yanatikisika kidogo tu, ukipiga resi yanaweza kupanda kidogo au hata kuvutwa kuelekea injini kwa sababu paipu ya pumzi inavutwa na njia ya hewa, kwa hiyo mbao iwe ndefu na mpira upande juu, usije ukaipa injini maji ya kunywa. Kiwango kamili kila injini ina chake, kitabu chake ndo kinaamua. Ila cha maana zaidi ya namba ni hiki: maji yakiwa yamepanda sana, chomoa paipu ya pumzi iache wazi hewani. Yakishuka ghafla yakatulia, na ukiweka kiganja kwenye mdomo wa paipu unasikia pumzi ndogo tu, basi gesi haikuwa nyingi, njia ndo ilikuwa imebana. Ukisikia inapuliza kwa nguvu bila kukatika, hapo sasa ndo tutafute gesi inatoka wapi.

Na hata hapo bado sio ringi moja kwa moja! Ndugu yangu wa Njombe hii isome mara mbili maana inahusu gari yako. Nyuma ya altaneta ya 3L kuna pampu ya vakyumu, iko pia kwenye injini za 2L, 5L, 1HZ na kwenye Isuzu za 4JA1 na 4JB1. Kazi yake ni kuvutia busta ya breki kwa sababu dizeli haina mvuto kwenye manifoldi kama petroli. Pampu hiyo inalainishwa na oili ya injini, na hewa yote inayoivuta inaitema pamoja na oili kurudi kwenye tumbo la injini. Breki zikiwa nzima inavuta kidogo inamaliza, hakuna hewa mpya. Sasa mpira wa busta ukichanika, au kiwambo cha busta kikitoboka, pampu inavuta hewa ya nje mfululizo na yote inamiminika tumboni, inabeba mvuke wa oili inaupeleka kwenye paipu ya pumzi, kifuniko kinaruka, moshi bluu, oili inapungua, kila dalili ya ringi unaiona na ringi hazijafanya kosa lolote. Kuna bwana wa Tukuyu alileta Hilux ya namna hiyo hiyo, gereji aliyotoka walishamwandikia orodha ya slivu, pistoni na ringi na akawa anatafuta mteja wa ng'ombe. Nikamuuliza breki zikoje, akasema zimekuwa ngumu ngumu ila amezoea. Tukachomoa mpira wa vakyumu, tukaziba mdomo wa pampu kwa bolti na klipu, tukawasha, kifuniko kikakaa kimya juu ya tundu. Mpira wa busta ulikuwa umelika pale unapogusa bati la pembeni, tundu lenyewe ukiukunja ndo unaliona, ukiuachia linajificha. Ng'ombe wake wakabaki zizini. Kipimo hiki fanya gari ikiwa imesimama na kabari kwenye matairi, usiendeshe hata mita kumi, maana breki hazina msaada wa busta wakati huo.

Wenye Prado na Hilux Vigo za injini ya 1KD, na hata Hiace zenye ukoo huo wa KD, wao wana la kwao. Nozeli zao zimekaa ndani chini ya kifuniko cha tapeti na kila moja imekalia washa ya shaba. Hiyo washa ikichoka, moto wa silinda unapenya pembeni ya nozeli unapanda juu kwenye tapeti badala ya kushuka kwenye ringi, na presha ya tumboni inapanda vile vile. Ukifungua kifuniko cha tapeti unakuta lami nyeusi ngumu imezunguka mguu wa nozeli. Hapa usichelewe kabisa, kwa sababu yale masizi yanadondoka kwenye oili yanakwenda kuziba wavu wa kuvutia oili kule kwenye sampu, siku moja taa ya oili inawaka uko mlima Kitonga na injini inaganda. Kwa hiyo kwenye 1KD ukikuta hiyo lami, badilisha washa zote, na sampu ifunguliwe wavu uoshwe, usikubali kufanyiwa nusu.

Nije kwenye tabo, maana huku ndo hela za watu zinakopotelea. Oili inaingia kwenye tabo kwa presha ya pampu ila kutoka inashuka yenyewe kwa uzito wake, na inarudi kwenye tumbo la injini. Tumbo likijaa presha oili haishuki, inasubiri kwenye tabo, na sili za tabo sio mpira wa kuzuia mafuriko, ni viringi vyembamba vya chuma, oili inapita, upande mmoja inaingia kwenye hewa na upande mwingine kwenye egzosi. Fundi anafungua mpira wa intakula anakuta oili anasema tabo imekufa. Mteja ananunua tabo, anafungiwa, inatoa moshi ule ule, anaambiwa tabo ya mtumba haikuwa nzuri atafute nyingine! Tabo inafungwa juu ya ugonjwa ule ule. Tabo iliyokufa kweli ina dalili zake, shafti ukiitikisa kwa vidole inacheza mpaka mapanga yanagusa nyumba yake, au inalia filimbi ambayo haikuwepo. Na oili kiasi kidogo kwenye mpira wa kuingilia tabo ni kawaida, paipu ya pumzi si inamwaga hapo hapo. Chujio la hewa likiziba nalo linafanya tabo ivute oili, mtu ananunua tabo kumbe angenunua chujio.

Njia rahisi ya kujua bluu inatokea wapi ni hii: ichomoe paipu ya pumzi pale inapoingia kwenye njia ya hewa, ziba vizuri tundu linalobaki lisiingize vumbi, na paipu ielekeze kwenye chupa ya plastiki yenye tundu la kutolea hewa, ifunge mbali na egzosi na mikanda. Tembea na gari nusu saa yenye mlima ndani yake, ipe muda wa kumaliza oili iliyobaki kwenye manifoldi na intakula. Moshi ukiisha, oili ilikuwa inapita kwenye pumzi, na kilichojaa kwenye chupa kitakwambia ni kiasi gani. Ukibaki vile vile, sasa ni tabo, valvu au ringi. Chupa ni ya kupimia tu, ukimaliza rudisha paipu mahali pake, sio unaacha inadondosha oili barabarani miaka yote kama tunavyoona.

Sili za valvu nazo kuna mazoea yameletwa kutoka kwenye petroli. Petroli ukishuka mlima umeachia mafuta, mvuto kwenye manifoldi unakuwa mkali, oili inanyonywa kwenye valvu, ukikanyaga tena wingu la bluu linatoka. Dizeli nyingi hewa haibanwi namna hiyo, kwa hiyo kile kipimo cha kushuka Kitonga ukakanyaga ghafla chini hakina uzito sawa. Kwenye dizeli mi naangalia zaidi gari ikikaa sailensa muda mrefu afu ukapiga resi.

Baada ya hayo yote, kama gesi bado ni nyingi, ndo tupime kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kubana. Geji ya petroli hapa itavunjika, nyingi zinaishia psi 300, dizeli nzima inasoma psi 400 na kuendelea. Injini iwe na moto, betri imejaa, hita plagi zote zimetolewa, mafuta yamekatwa, na kila silinda iandikwe namba yake. Silinda zote zikiwa chini kwa kulingana, ni uchakavu. Moja ikiwa chini peke yake, inaweza kuwa valvu, kwa hiyo pistoni yake ipandishwe juu kabisa valvu zikiwa zimefunga, ingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la hita plagi usikilize: ukisikika kwenye tundu la oili ni ringi au pistoni, kwenye egzosi ni valvu ya kutolea, kwenye njia ya hewa ni valvu ya kuingizia, ukichemsha maji ya rejeta kwa mapovu ni gasketi au hedi imepasuka. Ile ya kumimina oili kwenye silinda kuona kama kompresheni itapanda, kwa dizeli acheni, chumba cha kuwakia ni kidogo mno, oili yenyewe inajaza nafasi namba inapanda hata kama tatizo ni valvu, na ukizidisha utapinda konrodi.

Na ikithibitika ringi zimekwisha, muulize fundi zimekwishaje. Barabara zetu za vumbi, mpira kati ya chujio la hewa na injini ukipasuka kidogo tu, au chujio la bandia lisilokaa vizuri kwenye nyumba yake, injini inasagwa na mchanga. Ukiweka ringi mpya ukauacha huo mpira umeweka ringi za msimu mmoja.

Jambo la mwisho ni la usalama. Injini ya dizeli yenye presha kubwa tumboni inaweza siku moja kuanza kunywa oili yake yenyewe kama mafuta. Inapanda resi yenyewe, unazima ufunguo haisikii, moshi unafunika mtaa. Usiingize kichwa wala mkono kwenye boneti. Kama ni manyuo, ya gia za mkono, kanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote, tia gia ya juu kabisa, achia klachi injini ife. Kama ni otomatiki, ondoa watu pembeni; mwenye kizima moto cha kaboni dayoksaidi anaweza kukipulizia kwenye mdomo wa chujio la hewa akiwa amesimama upande. Nimeona kijana anataka kuziba mdomo wa hewa kwa kiganja, nikamvuta shati.

Ndugu yangu wa Njombe, kwa 3L yako anza na kijiti cha oili, kisha paipu ya pumzi, kisha mpira wa busta na pampu ya nyuma ya altaneta, hivyo vyote asubuhi moja vinaisha. Wakisema bado ni ringi, waambie wakupe karatasi yenye namba nne za kompresheni, silinda ya kwanza mpaka ya nne, na upepo umesikika wapi, ndo mkae muongee bei. Kama hawana geji, tafuta mwenye nayo Makambako au njoo huku Uyole.

Wako,
Fundi wa dizeli,
Uyole, Mbeya